Mtu wa Funguo na Makocha wa Brockmere

Kama kuna kiumbe ambacho Ephantus Njoroge alikidharau kuliko njiwa wa soko la Lewisham, ni kocha mkuu wa mpira wa kikapu. Si kocha fulani. Makocha wote, kwa mkupuo mmoja. Na alikuwa na haki ya kusema, kwa maana alitunza ukumbi wa michezo wa Chuo cha Brockmere, hapa Landani, kwa miaka ishirini na minane, na katika muda huo aliwafungulia mlango makocha sita wa timu ya wanaume na kuwasindikiza watano mpaka getini, kila mmoja amekumbatia boksi lake la vikombe vya chai na vyeti vya ukutani. Wa sita bado alikuwepo, lakini Njoroge alikwisha kumtazama viatu na kujua kwamba hakai.

Beji yake iliandikwa “caretaker”. Alifika saa kumi na mbili asubuhi kutoka Thornton Heath, akafungua, akapiga deki sakafu ya mbao, akajaza mipira upepo, akabadilisha nyavu, akafua jezi za timu iliyoitwa Herons. Yeye alisema jina hilo liliwafaa sana, kwa kuwa mechi nyingi alizoziona walisimama tu kama korongo, mguu mmoja juu, wakingoja samaki aje mwenyewe.

Huko nyuma alikuwa mwalimu. Alifundisha dini na michezo katika sekondari moja karibu na Karatina, kwenye uwanja wa udongo wa murram wenye nguzo mbili za mkaratusi, na timu yake ilifika fainali za mkoa mara mbili bila kuwa na mpira wa akiba. Alipomfuata mkewe Zipporah, muuguzi, hapa Landani, mtu mmoja wa ofisini alivitazama vyeti vyake kama tikiti ya basi ya jana, akamwambia arudi darasani miaka mitatu. Binti yao Nyambura alikuwa anaanza kutambaa, na Zipporah alikuwa anafanya zamu mbili. Njoroge akachukua funguo. Hakulia wala hakunung’unika mbele ya watu, ila kuanzia siku hiyo akawa mtu wa kutazama wenye vyeti wakifanya kazi yake vibaya, na hiyo ni shughuli inayomchachusha mtu.

Kocha wa kwanza kumkuta alimpa jina la Filimbi. Huyo aliamini kwamba kila tatizo la duniani huisha mtu akipuliziwa filimbi sikioni. Vijana wakikosa, filimbi. Wakifunga, filimbi. Debe tupu haliachi kuvuma, na hilo lilivuma miaka minne, likashuka na timu daraja mbili, kisha likapandishwa cheo kuwa mshauri wa michezo wa wilaya. Akaja Profesa, aliyechora mishale ubaoni mpaka ubao ukaonekana kama kichaka cha miiba. Vijana walikariri mishale yote, na siku ya mechi wapinzani, kwa ukosefu wao wa adabu, wakakataa kusimama pale mishale ilipowataka wasimame. Aliyemfuata alikuwa mtu mzuri kwa maongezi. Kila alichoulizwa alijibu kwamba kitafanyika kesho. Njoroge akamwita Kesho, na nadhani mpaka leo kuna mazoezi ya pumzi aliyoahidi mwaka 2006 ambayo bado yanangojewa.

Halafu Ian Pemberton. Tutamrudia.

Baada ya Ian alikuja mwanamke, Emma, na huyu ndiye pekee ambaye Njoroge alimsema vibaya kwa sauti ya chini. Alijua kazi. Alifika mapema, akaokota mipira yake mwenyewe, akamwuliza Njoroge kijana gani anaumwa goti na anaficha. Kosa lake ni kwamba alidhani chuo kinataka timu nzuri, kumbe chuo kilitaka picha za timu kwenye vipeperushi, na walipozuia basi la safari alifunga boksi lake. Huyu wa sasa anafundisha kwa tableti. Vijana wanakimbia, yeye anatazama kioo kuona kama wanakimbia.

Basi mwaka huu timu ilipotimiza miaka hamsini, wakubwa wakaamua kutundika picha za makocha wote wakuu kwenye korido ya kuingilia ukumbini. Kazi hiyo wakampa Seema wa maktaba. Seema alikuwa binti wa dukawala, Mhindi mwenye duka, wa Nakuru, ameolewa Landani zamani, na Kiswahili chake kilikuwa hakijapata kutu hata kidogo. Alikuja na daftari kwenye chumba cha vifaa, akakuta Njoroge anashona jezi.

“Mzee Njoroge, nimetumwa kutafuta watu ambao hata HR hawawajui,” alisema. “File zote zimeanza 2008. Nani alikuwa kocha kabla?”

“Wawili wa mwanzo sikuwakuta. Mmoja alikufa, mmoja yuko Spain anacheza golf. Hao wengine kaa chini nikuambie, lakini ukiandika yote utafungwa.”

Seema akakaa juu ya kasha la koni. Njoroge akaanza na Filimbi, na kwa asubuhi mbili akawapitia wote, miaka yao, mechi walizoshindwa, na visingizio vyao, ambavyo alivikumbuka vizuri kuliko matokeo. Seema alicheka mpaka akafuta macho. Walipofika kwa Ian, Seema hakuhitaji kuambiwa kitu.

“Huyu najua,” alisema. “Huyu ndiye alileta kombe. Kombe la Vyuo vya Kusini, 2011, the only one. Deputy principal anataka picha yake ikae katikati, kubwa kuliko zingine. Na Pemberton mwenyewe atakuja kufungua, ata-give speech.”

Njoroge alivuta uzi, ukakatika. Akasema sindano imekuwa butu, akainuka kwenda kutafuta nyingine, na sindano zilikuwa mfukoni mwake.

Mimi nasema kweli: mtu huyu alisubiri miaka kumi na minne nafasi moja ya kusema, na ilipokuja akaenda kutafuta sindano. Alichotaka kilikuwa kidogo. Alitaka jina lake liwe kwenye ukuta ule kabla hajastaafu mwezi wa saba, kwa sababu kombe lile lilikuwa lake. Kuanzia mechi ya kwanza ya Januari 2011 mpaka fainali ya Machi, Ian Pemberton hakukanyaga ukumbini siku ya mechi hata mara moja. Aliyekaa mwisho wa benchi, aliyepanga watano wa kuanza, aliyewatoa na kuwaingiza, alikuwa ni mtu wa funguo.

Ilianza kwa jambo dogo la kibinadamu. Ian alipata kazi ya pili, kufundisha watoto wa matajiri huko Essex, nayo ilikuwa Jumamosi. Akaja chumba cha vifaa, akamwekea Njoroge mkono begani, akamwomba kwa Kiingereza chake kitamu amsaidie Jumamosi moja tu.

Mwingereza angekataa, au angepiga simu ofisini. Njoroge alielewa vingine. Wakenya wa Landani wamejengana kwa kushikiana zamu. Leo mtoto wako anaumwa, nakushikia. Kesho mimi nina mazishi Southend, unanishikia. Na kanuni yake ni moja tu, husemi kwa bosi, na kitabu cha mahudhurio unamtilia mwenzako sahihi, maana siku yako inakuja. Zipporah alishikiwa hivyo alipojifungua mtoto wa pili, na ndivyo yeye alivyowashikia wengine. Njoroge akamchukua kocha mkuu, mtu wa vyeti na koti la nembo, akamweka katika undugu huo bila kumwuliza kama anaujua.

Ligi ile ilikuwa na sheria yake. Dakika kumi kabla ya mechi, kocha mkuu aliyesajiliwa aweke alama kwenye watano wake na kutia sahihi kwenye karatasi ya pointi. Hakuna sahihi ya kocha, hakuna mechi, na timu inahesabiwa imefungwa. Mwenye meza ya kuandikia pointi alisogeza karatasi bila kuinua kichwa. Njoroge akaandika “I. Pemberton”. Jumamosi iliyofuata Ian hakuja tena, wala iliyofuata. Mara kumi na moja Njoroge aliandika jina la mtu mwingine, na kila alipoliandika timu ilishinda, isipokuwa siku mbili.

Hakuwa na uchawi. Aliwafundisha kilekile alichofundisha Karatina: kila mtu alinde mahali pake asimkimbilie mtu, mpira usidundwe zaidi ya mara mbili, na anayechoka aseme amechoka. Kwenye fainali walikuwa nyuma kwa pointi moja, zimebaki sekunde tisa. Ukumbi wote ulijua mpira utakwenda kwa kapteni, Mahir, kijana wa Mombasa aliyelelewa Deptford, ambaye mkono wake haukuwa na utani. Njoroge akaomba muda, akamwambia Mahir asimame pembeni, anyooshe mikono, aite mpira kama aliyeibiwa. Walinzi watatu wakamrukia. Mpira ukaenda kwa yule mrefu wa Kinshasa ambaye hakuna aliyemtazama, akauweka wavuni peke yake.

Ian alifika saa moja baadaye, wakati wa picha. Akashika kombe.

Na Njoroge akampisha. Nyani haoni kundule: mtu aliyejua kasoro ya kila kocha tangu Filimbi hakuona kwamba Pemberton mwenye kombe ametengenezwa na kalamu yake mwenyewe. Miezi mitatu baadaye Ian alitumia kombe hilo kupata kazi kubwa Birmingham. Hakushika zamu ya mtu yeyote. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau humpiga mtu anayemkumbuka.

Nyumbani, Njoroge alimweleza Zipporah habari za ukuta wakila chakula cha Jumapili baada ya kanisa. Zipporah alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo alikuwa ameyanoa.

“Sasa unataka nini, Baba Nyambura?”

“Nataka ukweli.”

“Ukweli uliuandika wewe. Mara kumi na moja. Ulijipalia makaa, na sasa unauliza ni nani amewasha moto.”

“Nilikuwa namshikia mtu zamu.”

“Mimi nimeshikia watu zamu miaka thelathini,” alisema Zipporah, akimwongezea mboga. “Hakuna hata mmoja amepata kombe kwa mgongo wangu. Kula.”

Wiki iliyofuata Seema alirudi, na safari hii hakukaa juu ya kasha. Alikuwa na bahasha ya karatasi za zamani za pointi, alizozipata kwa katibu wa ligi. Akazipanga juu ya meza ya kushonea. Kando yake akaweka daftari la ukumbi, lile ambalo Njoroge aliandika kila asubuhi taa ngapi zimeungua.

“Mzee, mimi si polisi,” alisema. “Lakini tazama. Hadi Disemba, Pemberton anasaini kama kuku amepita kwa matope. Kuanzia Januari anaandika vizuri, herufi zimelala sawa, kama mwalimu kwa blackboard. Halafu nikaona hili daftari lako.”

Njoroge alilifunga lile daftari. Masikio yake yalipata moto.

“Ni wewe?”

“Ukiandika hivyo, watafanya nini na kombe?”

“Sijui. Labda watasema ni forgery, walifute. Mimi napeleka majina kwa printer Ijumaa ijayo. Ukiniambia ni wewe, nitaenda na wewe kwa deputy tuseme. Ukiniambia si wewe, nitarudisha hizi karatasi na nitanyamaza.” Akamtazama. “Lakini usiniambie uongo, mzee. Nimekuwa nikikucheka na makocha wako wiki mbili. Usinifanye nianze kukucheka wewe.”

Njoroge akaomba siku chache. Akajiambia kwamba hafikirii nafsi yake, anafikiria vijana. Walikuwa kumi na wawili, sasa wanaume wa miaka thelathini na kitu, na wengi wao maisha hayakuwapa tena kitu cha kuinua juu kwa mikono miwili. Awanyang’anye hicho kimoja ili yeye apate fremu? Jambo hilo lilimfanya ajione mtu mwema sana, na alilibeba ndani ya basi siku nzima kama mtu aliyebeba keki.

Jumamosi akamtafuta Mahir. Mahir alikuwa dereva wa basi, na siku ya mapumziko alipatikana soko la Lewisham akinunua ndizi za kupika na kugombana na bei. Alimwona Njoroge, akaweka mfuko chini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mahir, nina swali, na unijibu kama mtu mzima. Wakisema kombe lile la 2011 lifutwe, utaumia?”

Wakasimama kando ya meza ya maembe ya Pakistan, na Njoroge akamweleza yote, sahihi, karatasi, Seema, Ijumaa. Mahir alisikiliza mpaka mwisho. Watu waliwapita na vitoroli vyao.

“Kwani kuna watu hawajui?” aliuliza Mahir.

“Nani anajua?”

“Sisi sote twajua. Mimi nina hadithi hii nawaambia watu kazini. Mke wangu aijua. Mimi nilidhani wewe ndiye hutaki.” Akainua mfuko wake. “Kombe lenyewe ni la plastiki, mzee, li ndani ya kabati ya chuo, mimi sijaligusa tangu siku ile. Wakitaka kulifuta walifute. Ile mechi hawataifuta, mimi nilikuwapo.”

“Nilikuwa nawafikiria nyinyi.”

“Hapana,” alisema Mahir, kwa upole, kama anavyomwambia abiria kwamba amepanda basi silo. “Na usinikasirikie, maana wewe ni baba yangu. Wewe waogopa kuitwa mwizi wa sahihi. Usituweke sisi mbele.”

Njoroge alirudi nyumbani bila kununua alichotumwa. Alikasirika njia nzima, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye mazoea ya kudharau, alitafuta wa kumdharau, akapitia Filimbi, Profesa, Kesho na Pemberton, na kila mmoja alikataa kusimama mahali pale. Filimbi angalau alipuliza filimbi yake mwenyewe. Profesa alichora mishale yake kwa jina lake, ikashindwa kwa jina lake. Wote wale wapuuzi walitia sahihi zao. Ni yeye tu, mwalimu wa Karatina, mjuzi wa kila kitu, aliyekaa kwenye benchi akiwa amevaa jina la mtu, ili akishindwa aibu isije ikamwangukia. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Mechi ya kwanza, kabla hajatia sahihi, aliogopa kwamba watafungwa pointi arobaini, na jina la Pemberton lilimpa joto kama koti la kuazima.

Jumatatu asubuhi hakungoja Ijumaa. Alifungua ukumbi, akapiga deki, akavua beji, akaiweka mezani, kisha akaenda na Seema hadi ofisi ya deputy principal na kusema maneno machache kwa Kiingereza kilichonyooka: ni mimi niliyefundisha mechi kumi na moja, ni mimi niliyeandika jina la Pemberton, na sikuruhusiwa.

Ofisi ikaanza kutetemeka, kama ofisi zinavyotetemeka, yaani kwa barua pepe. Wakamwandikia katibu wa ligi. Wakamwandikia wakili. Wakamwandikia Ian huko Birmingham. Njoroge aliendelea kufua jezi, akingoja kufukuzwa miezi mitatu kabla ya kustaafu. Ian alijibu wa kwanza, ukurasa mzima: kwamba siku zote aliamini katika kuwaamini wafanyakazi wa ngazi zote, kwamba aliiongoza timu kwa mbali kwa simu, na kwamba kwa masikitiko hataweza tena kuhudhuria sherehe kwa sababu ya shughuli nyingi. Seema aliisoma kwa sauti katika chumba cha vifaa. Njoroge alimwuliza kama huko Essex kulikuwa na simu, maana hapa haikulia.

Katibu wa ligi alijibu baada ya wiki moja, mistari minne. Malalamiko yoyote kuhusu mechi hupokelewa ndani ya siku kumi na nne. Siku kumi na nne za mwaka 2011 zimepita. Kombe linabaki la wachezaji. Kuhusu sahihi, ligi haina la kusema.

Ndiyo hivyo tu. Miaka kumi na minne Njoroge alilinda mlango ambao mwizi wake alikwisha kuhama mji. Angeweza kusema wiki ya tatu baada ya fainali, kombe lingebaki, na Pemberton angeenda Birmingham mikono mitupu.

Ila chuo kilikuwa bado na ukuta. Wakubwa wakakaa kikao, na kikao kikatoa hekima ya vikao. Pemberton hakuwepo kuanzia Januari, kwa hiyo hawezi kuandikwa kuwa kocha wa miezi hiyo. Picha yake ipunguzwe iwe sawa na za wengine. Bwana Njoroge alikuwepo, lakini hakuwa na leseni wala hakuajiriwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo hawezi kuandikwa kuwa kocha mkuu. Aliyekuwa na cheo hakufanya kazi, na aliyefanya kazi hakuwa na cheo, basi kwa mujibu wa kumbukumbu hapakuwa na mtu. Wakaagiza fremu ya tisa. Ndani yake wakaweka kadi ya kijivu isiyo na uso, na chini yake, miezi mitatu ya mwaka 2011 ikifuatwa na “Vacant”, yaani hapana mtu, neno wanaloandika pia kwenye mlango wa choo.

Seema aliomba radhi kana kwamba yeye ndiye kikao. Alikuwa amepigania, akapigania, mpaka wakamwambia arudi kwenye vitabu vyake.

“Waache,” alisema Njoroge. “Wameandika kwa mkono wao. Mimi nimechoka kuwaandikia.”

Fremu tisa zilitundikwa Juni, siku ya Jumamosi, saa nane mchana, na kwa kubana matumizi wakaunganisha sherehe hiyo na kumuaga mtu wa funguo. Kulikuwa na sandwichi za pembetatu na juisi. Deputy principal alihutubia kuhusu urithi. Kocha wa tableti alipiga picha za ukuta kwa tableti. Wachezaji saba wa 2011 walikuja, Mahir mbele, mrefu wa Kinshasa akiwa na kitambi, na kwa adabu wakamsikiliza kila aliyezungumza, kisha hotuba zilipoisha wakazipita picha za makocha wote, wakajipanga mbele ya ile kadi ya kijivu kupigwa picha. Deputy principal aliwaelekeza kwa tabasamu kwamba makocha wako upande huu. Hakuna aliyesogea.

“Kocha, njoo ukae hapa katikati,” Mahir alimwita.

Njoroge alikwenda, koti lake la kanisani likiwa limembana, akasimama walipomtaka asimame. Wakamwekea mikono mabegani. Hakujua atazame wapi.

Zipporah alikuwa amekuja pia. Kwa miaka ishirini na minane hakuwa amekanyaga Brockmere. Siku zote alikuwa na zamu, yake au ya mtu. Alivaa kitenge kizuri, akawasalimu watu wote, kisha watu walipotawanyika kwenda kwenye sandwichi akaanza kuukagua ukuta polepole, mikono nyuma, kama matron anayepita wodini. Kwa Filimbi alisimama kidogo, akasema mashavu yake ni kama alivyodhani. Kwa Profesa akatikisa kichwa. Mbele ya Ian Pemberton, aliyekuwa anatabasamu kwa meno yote, alipita bila kupunguza mwendo. Akafika kwenye ile ya kijivu, akavaa miwani, akasoma chini, akatazama tena juu pasipokuwa na kitu. Njoroge alikuwa ameshika sahani, amesimama nyuma yake.

“Na huyu asiye na uso?”

Ephantus Njoroge alimeza tonge, akaweka sahani juu ya radiator ya ukutani.

“Huyo ni mimi,” alisema.

Zipporah aliitazama ile kadi kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama picha yoyote ya ukuta ule. Kisha akavua miwani, akamwondolea mumewe chembe ya mkate kwenye kola.

“Umetoka vizuri,” akamwambia.